Kanda za Bibi na mkataba wa kampuni kubwa: kisa kimoja cha Mombasa

Mkataba ulikuja kwa Kiingereza, kurasa kumi na kitu, na aliyetakiwa kuutia sahihi ni mwimbaji wa taarab wa Mombasa aliyekwisha kupita miaka sabini. Simtaji jina wala mtaa. Mwenyewe hakupenda, na kisa hakihitaji jina ili kieleweke. Ameimba katika harusi za Kibokoni, Majengo, Kisauni na Likoni tangu ujana wake, na chumbani kwake mna masanduku ya kanda za kaseti zipatazo mia mbili. Nyingine zilirekodiwa dukani ziuzwe. Nyingine alirekodi mwenye harusi, kisha akampa nakala iwe kumbukumbu. Nyingine ni mazoezi tu, udi na dumbaki, na watu wakicheka katikati ya ubeti. Hapa nitamwita Bibi, kama wanavyomwita wajukuu zake.

Upande wa pili ipo huduma mpya ya muziki wa dijitali, mali ya kampuni kubwa ya teknolojia ambayo biashara yake kuu si muziki. Nayo siitaji. Kati yao alisimama wakala, kijana mwenye adabu aliyeshuka kutoka Nairobi, akaamkia vizuri, akanywa kahawa, akaeleza kwamba kampuni inakusanya muziki wa Pwani uliosahaulika. Kanda zote zingechukuliwa, zingegeuzwa mafaili bila gharama, zingewekwa kwenye huduma. Mapato yangegawanywa nusu kwa nusu kati ya wakala na Bibi baada ya kampuni kukata fungu lake, na siku ya kutia sahihi Bibi angepokea malipo ya awali. Kwa kampuni fedha hizo si kitu. Kwa mwanamke anayenunua dawa za sukari na presha kila mwezi ni nyingi sana, na mtu anayeuchambua mkataba huu bila kuanzia hapo anajirahisishia kazi.

Bintiye alimwomba mama yake angoje. Akaniletea karatasi mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kuhamisha sauti kutoka kwenye kanda za zamani, na anayeifanya kazi hiyo Mombasa hujikuta anasoma mikataba ya watu hata kama hakusomea sheria. "Kaka, nisomee uniambie yasemani," alisema. "Mama ashaanza kuzipangia hizo pesa."

Nilichomwambia nakishikilia hadi leo. Nyimbo zaweza kwenda kwenye huduma hiyo, lakini kanda zisitoke nyumbani na haki zisitoke mikononi mwa Bibi. Huduma ya kampuni kubwa ni meza ya sokoni, si ghala: unapeleka bidhaa asubuhi, na jioni unarudi nayo.

Wakala hakuwa mwongo

Nianze na aliyoyasema kwa haki. Kaseti hazidumu, na hewa ya Mombasa yenye chumvi na unyevu huzimaliza upesi. Ukungu mweupe huota ukingoni mwa utepe. Kile kipande kidogo cha sifongo kinachousukuma utepe kwenye kichwa cha redio hubanduka na kupotea. Nimewahi kufungua kanda za miaka ya 1980 ambazo utepe wake ulikwisha kushikana, ukiuvuta unakatika. Kila mwaka unaopita bila nakala kufanywa, nyimbo kadhaa zinakwenda na hazirudi.

Tena nyimbo za Bibi zimeshapandishwa YouTube na watu ambao hawakumwomba ruhusa. Moja imeandikwa jina la mwimbaji mwingine kabisa. "Mama, watu wanakusikiliza bure na wewe hupati kitu," wakala alimwambia, na hilo ni kweli. Wapo pia wasikilizaji wanaoweza kulipa: watu wa Mombasa waliohamia Muscat, Dubai, London na Toronto, wenye kadi za benki na hamu ya nyumbani.

Kisha akasema jambo la nne, kwamba kampuni hii ni kubwa mno, haianguki, kwa hiyo nyimbo zitakuwa salama milele. Hapo sikukubaliana naye hata kidogo.

Kampuni hubaki, huduma hufa

Microsoft ilifungua duka la nyimbo liitwalo MSN Music mwaka 2004. Nyimbo ziliuzwa zikiwa na kufuli la dijitali: ukizihamishia kwenye kompyuta mpya, kompyuta hiyo iliomba ruhusa kwenye mitambo ya kampuni kabla ya kuzipiga. Novemba 2006 kampuni ikatoa chombo chake cha kusikilizia, Zune, na chombo hicho hakikuweza kupiga nyimbo zilizofungwa na MSN Music, ingawa mwenye vyote viwili ni mmoja. Duka likaacha kuuza. Aprili 2008 wateja wakaarifiwa kwamba baada ya tarehe 31 Agosti mwaka huo mitambo ya kutoa ruhusa itazimwa. Kelele zilipozidi, muda ukasogezwa hadi mwisho wa 2011. Lakini watu walikuwa wamekwisha kufahamu walichonunua: walilipa bei ya wimbo wakapewa ruhusa ya kuusikiliza maadamu kampuni inaona faida kuendelea kutoa ruhusa hiyo.

Zune nayo ikaacha kutengenezwa 2011. Ikaja Xbox Music mwaka 2012, ikabadilishwa jina kuwa Groove Music mwaka 2015, na tarehe 31 Desemba 2017 huduma yake ya kulipia kwa mwezi ikafungwa, wateja wakaelekezwa Spotify, huduma ya muziki ya kampuni nyingine. Katika miaka yote hiyo Microsoft haikufilisika wala haikukaribia kufilisika. Ilikuwa miongoni mwa kampuni tajiri kupita zote duniani. Google ilianzisha huduma yake ya muziki mwaka 2011, ikaja kuiita Google Play Music, na Desemba 2020 ikaizima na kuwahamishia watu YouTube Music. Yahoo nayo, mwaka 2008, ilitangaza kuizima mitambo ya kufuli za nyimbo ilizokwisha kuwauzia watu.

Sababu haihitaji kuchimbwa sana. Kwa kampuni za aina hii muziki ni njia ya kuuza kitu kingine: simu, kompyuta, spika ya nyumbani, matangazo. Apple ilipofungua duka lake Aprili 2003, wimbo mmoja kwa senti 99, faida yenyewe ilikuwa kwenye iPod. Siku muziki ukishindwa kuuza kile kitu kingine, wakubwa wanageukia mradi mpya na mteja anapata barua pepe. Spotify, iliyofika Kenya Februari 2021, ina kasoro zake nitakazozigusa, lakini angalau sauti ndiyo biashara yake. Ikiiacha sauti haina pa kwenda.

Sasa rudi kwenye mkataba wa Bibi. Kifungu kimoja kiliipa kampuni uhuru wa kuifunga huduma wakati wowote kwa taarifa ya siku 30. Kifungu kingine, kurasa tatu mbele, kilimpa wakala leseni ya kipekee, yaani yeye peke yake ndiye angeweza kuzitoa nyimbo hizo, kwa muda wote wa hakimiliki. Kila kimoja kikisomwa peke yake hakishtui. Visome pamoja. Huduma ingeweza kufa mwakani, na nyimbo za Bibi zikabaki zimefungwa kwa wakala ambaye hana tena pa kuziweka, wala asiwe na haraka ya kupatafuta. Na huo muda wa hakimiliki si mdogo. Kwa sheria ya Kenya utungo hulindwa hadi miaka 50 ipite baada ya mwaka aliofariki mtunzi, na rekodi miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. Sahihi ya asubuhi moja ingewafunga mikono wajukuu na vitukuu.

Sheria hiyohiyo, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inasema kwamba kuhamisha haki au kutoa leseni ya kipekee hakuna nguvu bila maandishi yaliyotiwa sahihi. Nilimweleza Bibi jambo hili taratibu, kwa kuwa lilimpa nguvu ambayo hakujua anayo. Hadi kalamu iguse karatasi, hakuna aliyechukua kitu.

Kilichonikera kuliko vyote ni mstari mmoja kuhusu kanda zenyewe. Zingepelekwa Nairobi, na baada ya kunakiliwa wakala angeamua mwenyewe kuzihifadhi au kuzitupa. Bintiye alipouliza sababu, jibu lilikuwa, "Lakini dada, zitakuwa mtandaoni." Nadhani kijana yule aliamini alichosema.

Fedha huzungukaje

Huduma nyingi za kulipia kwa mwezi huendeshwa hivi: fedha za wasikilizaji wote hukusanywa fungu moja, takribani theluthi mbili hutengwa kwa wenye haki, na fungu hilo hugawanywa kwa kadiri ya mara ambazo kila wimbo umepigwa ukilinganisha na jumla. Chukua mama mmoja wa Tudor anayelipa, tuseme, shilingi 300 kwa mwezi na kumsikiliza Bibi peke yake, nyimbo 60 kwa mwezi. Jirani yake analipa shilingi zilezile, simu yake haizimwi kutwa, na mwezi ukiisha amepiga nyimbo 1,500 za wasanii wa Lagos na Nairobi. Jirani ana uzito mara 25 katika kugawanya fungu. Kwa hiyo shilingi za yule mama aliyelipa kwa mapenzi ya taarab zinakwenda, kwa sehemu kubwa, kwa wasanii ambao hajawahi kuwasikiliza.

Lipo pia suala la urefu wa nyimbo, ambalo wakala hakuwa amelifikiria kabisa. Taarab ya harusini haina haraka. Udi unatangulia, kinanda kinafuata, mwimbaji anaingia akiwa amejua ukumbi umetulia, na kila ubeti hurudiwa kwa sababu watu wanainuka kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha. Wimbo wa Bibi wa dakika kumi na mbili ni wa kawaida. Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30, na huduma hii mpya ilikuwa na kanuni ya namna hiyohiyo. Sekunde ya 30 mpiga udi wa Bibi hajamaliza hata utangulizi. Dakika kumi na mbili zake zinahesabiwa mara moja, na katika muda huohuo nyimbo nne za dakika tatu zinahesabiwa mara nne. Anayetaka kupata chochote kwa mpango huu itambidi aukatekate muziki wake, na muziki ukikatwakatwa namna hiyo si taarab tena.

Tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 katika miezi 12. Mkataba wa Bibi haukutaja kiwango, lakini uliiachia kampuni haki ya kuweka kiwango chochote baadaye. Uliongeza kwamba katika kipindi cha utangulizi, wateja watakapokuwa wanaonja huduma bure, wenye nyimbo hawalipwi mirabaha, yaani fungu lao la mapato. Jambo hili si geni. Apple Music ilipokaribia kufunguliwa mwaka 2015, Apple ilikusudia kutowalipa wenye nyimbo katika miezi mitatu ya kuonja. Taylor Swift akaandika barua ya wazi kupinga, na kampuni ikageuza uamuzi ndani ya siku moja. Bibi akiandika barua ya wazi itasomwa na watu wa mtaa wake.

Wakala alipenda kusema "dunia nzima". Kebo za baharini zinatokea hapahapa kwetu, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy tangu 2010, na bado msikilizaji wa Kongowea anapimiwa intaneti kwa bando. Wapenzi wa Bibi walio mjini wanarushiana nyimbo kutoka simu hadi simu, au wanapeleka memori kadi dukani ijazwe. Hawa hawatalipia huduma ya mwezi, na hesabu za wakala hazikuwaona kabisa.

Lahani za Kihindi

Taarab ya Mombasa na filamu za Kihindi ni jamaa wa siku nyingi. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, ndiye anayejulikana kuliko wote kwa mtindo huo: lahani (tuni) ya filamu ya Kihindi, maneno ya Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, mengi yametungwa na mshairi Ahmad Nassir. Watu walitoka sinema wakiwa na lahani kichwani, na wiki ikiisha ilikuwa imeshapata beti zake. Hakuna aliyeuona ni wizi. Ufundi ulikuwa kwenye shairi na kwenye namna ya kuliketisha juu ya lahani ambayo haikutengenezwa kwa mizani ya Kiswahili. Mimi ninauheshimu ufundi huo kama ninavyouheshimu wowote mwingine wa mji huu.

Bibi anazo nyimbo za namna hiyo zipatazo thelathini. Na mkataba ulimtaka athibitishe kwamba kila kazi ni yake asili, na kwamba akitokea wa kudai, gharama zote, pamoja na za mawakili wa kampuni, zitakuwa juu yake.

Siku za kaseti jambo hili lisingemfikia mtu. Kanda ilikuwa inauzwa Mombasa, Lamu na Unguja. Sasa zipo mashine zinazotambua sauti. YouTube ina mfumo wake uitwao Content ID tangu 2007, unaolinganisha kila kinachopandishwa na hazina ya wenye haki. Nyimbo za filamu za zamani za India zina wenyewe, na wenyewe wana nguvu. Kampuni ya Saregama, kwa mfano, ndiyo iliyorithi hazina ya nyimbo za lebo ya HMV ya India. Wakala alitutuliza kwa kusema hakuna anayeshughulika na mtu mdogo. Nilimjibu kwamba mashine haijui mdogo wala mkubwa; inalinganisha tu. Likitokea dai, kampuni itauondoa wimbo na kuendelea na kazi zake, wakala ataonyesha karatasi yenye sahihi, na atakayebaki na deni ni mwanamke aliyeimba wimbo ule harusini miaka arobaini iliyopita.

Wazee wa familia walitaka kujua kama hili ni tishio la kweli au ni maneno ya kuwatisha. Niliwaambia kwamba uwezekano huenda si mkubwa, lakini aliyeandika kifungu kile alikuwa ameamua mapema nani atalipa, na hakumchagua mwenye fedha.

Mlango uliofungwa

Hadi hapo tulikuwa tunazungumza fedha na sheria. Bibi alikuwa anasikiliza, anauliza, anarudi kwenye dawa zake. Kisha bintiye akaanza kumsomea orodha ya masanduku, na walipofika kwenye masanduku mawili yaliyoandikwa "kupamba" akamkatiza.

Asiyezijua harusi zetu aelezwe. Usiku wa kupamba ni wa wanawake. Bibi harusi anaonyeshwa, ukumbi umejaa, mabuibui yamevuliwa, mlango unalindwa, na mwanamume haingii, hata awe baba. Kundi linaimba, wanawake wanacheza na kutunza, jina la anayetunza linatajwa. Zipo nyimbo za mafumbo ambazo kila aliyekuwamo alijua zinamlenga nani: mke mwenza, jirani, wifi. Kanda iliyorekodiwa humo ilitembea baadaye kwa mikono, nyumba hadi nyumba, na ilijulikana iko kwa nani.

"Hizi si zangu pekee," Bibi alisema. "Wanawake hawa waliimba kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa."

Wakala alikuwa na jibu kwa kila swali, lakini kwa hili hakuwa nalo, na kwa sifa yake alinyamaza. Kwenye fomu ya huduma ile upo mstari wa jina la msanii, wa jina la albamu, wa mwaka, wa aina ya muziki. Hakuna mstari wa kusema ni kwa wanawake tu. Mpango mzima umejengwa juu ya dhana kwamba kila sauti iliyorekodiwa inangoja kusikilizwa na yeyote popote, na kwamba kinachoizuia ni uhaba wa teknolojia. Kanda za kupamba zinaikanusha dhana hiyo. Wenye sauti hizo wengine wamefariki, wengine leo ni mabibi wenye heshima zao, na mwanamke aliyecheka ukumbini akiwa na miaka ishirini hakumpa ruhusa kijana wa nchi nyingine amsikilize akiwa kwenye basi.

Ninaliona hili kuwa zito kuliko kifungu chochote cha fedha. Mirabaha ikikosewa yaweza kulipwa baadaye. Sauti ya ukumbi wa kupamba ikishatoka haiitwi ikarudi.

Kulikuwa na kifungu kingine, kifupi, kilichoiruhusu kampuni kutumia sauti zote "kuboresha teknolojia zake za sasa na zijazo". Kwa lugha ya leo hiyo yaweza kumaanisha kufundishia mashine za kutunga na kuimba. Juni 2024 kampuni kubwa za muziki, Universal, Sony na Warner, zilizishtaki Suno na Udio, kampuni za mashine zinazotunga nyimbo, huko Marekani kwa madai kwamba zilitumia rekodi zao kufundishia mashine bila ruhusa. Wenye nguvu walikwenda mahakamani kukizuia kitu ambacho Bibi alikuwa anatakiwa kukitoa kwa mstari mmoja.

Yaliyofanyika

Familia haikuwa na kauli moja, na wala haikupasa kuwa nayo. Mpwa mmoja, ambaye ndiye anayegharamia sehemu kubwa ya matibabu, alikasirika kweli. "Shangazi, hawa wakenda hawarudi," alisema. "Karatasi nzuri utakula?" Hoja yake ina uzito, na sikujaribu kuipunguza. Anayemshauri mgonjwa aachie fedha mkononi anapaswa kujua anamwomba nini.

Tulianza kwa kuzipanga kanda upya sakafuni. Kando tukaweka za kupamba. Kando nyingine zenye lahani za filamu. Zilizorekodiwa na duka tukazitenga pia, kwa sababu kwa sheria yetu mwenye rekodi ni yule aliyesimamia kurekodi, na si lazima awe mwimbaji. Mombasa ilikuwa na maduka ya namna hiyo, Mbwana Radio Service likiwa maarufu zaidi, na duka lililomrekodi Bibi lilimlipa mara moja siku ya kurekodi, bila maandishi. Zilizobaki bila shaka yoyote, maneno yake, lahani yake, kundi lake, rekodi yake mwenyewe, zilitoa nyimbo kumi na nne.

Jibu tuliloandika lilikuwa la ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na wakili kijana wa jirani akalitia Kiingereza bila malipo. Nyimbo hizo kumi na nne tu. Leseni isiyo ya kipekee, miaka miwili. Wakala apokee mafaili, kanda zisiguswe. Huduma ikifungwa leseni ife papo hapo. Sauti zisitumike kufundishia mashine. Kila wimbo utaje mtunzi, mwimbaji na mpiga udi, yaandikwe kama wanavyoyaandika wenyewe. Dhamana ya uasili ibaki kwa nyimbo hizo pekee, na gharama za mawakili zisimwangukie Bibi.

Nyimbo zilipopungua, malipo ya awali nayo yakapungua sana. Hapo mpwa alitoka nje. Bibi alikaa kimya kitambo, kisha akasema atangoja.

Wakala alikubali karibu yote, kasoro gharama za mawakili, ambazo alisema zinaamuliwa ng'ambo. Barua zikaenda na kurudi. Mwishowe gharama hizo zikawekewa mpaka: zisipite kiasi ambacho nyimbo zenyewe zitakuwa zimeingiza. Kwa nyimbo alizozitunga mwenyewe Bibi aliona anaweza kusimama juu ya neno lake, akatia sahihi.

Upande wa kunakili ulikuwa mwepesi kuliko familia ilivyodhani. Kanda ya dakika 60 ikihamishwa kuwa faili la WAV lisilobanwa, biti 24, huchukua takribani GB 1. Kanda mia mbili hazijazi hata robo ya diski ya TB 1. Diski tatu zilinunuliwa kwa mchango wa ndugu: moja iko kwa Bibi, moja kwa bintiye Nyali, ya tatu kwa jamaa Muscat, ili moto au mwizi wa nyumba moja asimalize kila kitu. Kanda zenyewe zimo kwenye ndoo za plastiki zenye vifuniko, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu, mbali na ukuta wa nje. Kanda za kupamba sikuzinakili mimi. Nilimfundisha bintiye kutumia mashine, anazinakili mwenyewe mlango ukiwa umefungwa, na diski yake haina nakala kwangu.

Nyimbo kumi na nne zipo kwenye huduma sasa, majina yakiwa yameandikwa sawasawa. Mirabaha bado haijafika kiwango ambacho kampuni hukubali kutuma. Bintiye anauza memori kadi zenye nyimbo hizohizo kwa wanaozitaka, malipo kwa M-Pesa, na jamaa wa Muscat anazipokelea oda za huko; hadi sasa hizo ndizo zilizolipia dawa. Mpwa anasaidia kuzisambaza Likoni. Kanda za duka hazijaguswa. Mwenye duka alifariki, tunawatafuta warithi tuzungumze nao haki za rekodi. Wawili tumewapata na wamekubali, wa tatu yuko Unguja na bado hajajibu.